Nyama ya treni haikupakwa dawa ya maiti

Ujumbe huu hauishi kwenye magrupu: eti karne ya 19, kabla ya friji za umeme, nyama iliyotoka Chicago kwenda New York kwa treni ilipakwa dawa ya maiti isioze.

Si kweli, kazi hiyo ilifanywa na barafu. Ilikatwa ziwani majira ya baridi, ikalazwa ghalani ndani ya vumbi la mbao, kisha ikashindiliwa pamoja na chumvi kwenye masanduku ya behewa. Ubaridi ulishukia nyama iliyotundikwa, na njiani treni ilisimama kuongezewa barafu. Tazama picha za mabehewa hayo: juu ya paa, kwenye ncha, kuna vifuniko vya kutilia barafu. Au changanya barafu na chumvi nyumbani, utumbukize kipimajoto. Kitashuka chini ya sifuri.

Uvumi una mzizi, lakini. Mwaka 1898, wakati wa vita na Hispania, zilizuka tuhuma kwamba askari wa Marekani walilishwa nyama yenye dawa hiyo. Uchunguzi haukuzithibitisha, ila jina la “nyama ya dawa ya maiti” likaganda.

Ukitumiwa tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.