Daktari alikuja asubuhi: nani alimchagulia suruali?

"Daktari alikuja asubuhi. Akafungua mfuko wake, akampima Nyota joto, akatikisa kichwa."

Mistari hiyo iko ukurasa wa sita wa kijitabu nilichokichora miaka kadhaa iliyopita hapa Lubumbashi, Kongo, kwa watoto wa darasa la pili. Niliisoma mara moja, nikachonga penseli, na nusu saa haikuisha daktari akawa tayari: mwanamume wa makamo, shati la mikono mirefu, suruali iliyopigwa pasi, miwani. Hata viatu nilivitia mng'aro. Kitabu kilikuwa cha lugha mbili, Kiswahili kushoto na Kifaransa kulia, na maandishi yalikuwa yameshakwenda kwa mfasiri kabla ya picha. Jioni mfasiri huyo kijana akanipigia simu: "Yaya, uyu munganga ni il ao ni elle?" Yaani: dada, daktari huyu ni mwanamume, il ya Kifaransa, au mwanamke, elle?

Nikamwambia aangalie picha. Akasema hana picha. Basi nikampigia mwandishi mwenyewe, mwalimu mstaafu wa Kamalondo, mzee anayeipima kila koma kama mtu anayenunua dhahabu. Nilidhani atanijibu papo hapo. Akanyamaza, kisha akacheka. "Kiswahili haikuniuliza," akasema, "na miye sikujiuliza."

Nimechora na kuhariri vitabu vya watoto muda mrefu, lakini sentensi hiyo ya mzee ilinifundisha kazi yangu upya. Lugha yetu haina il wala elle. Ina a- tu. Alikuja, anacheka, ataondoka: hujui kama ni kijana au binti, wala husumbuki kujua. Fundi, jirani, mgeni, mwizi, dereva, wote wanabebwa na kiambishi kimoja. Mama na baba, shangazi na mjomba, hao wana jinsia yao ndani ya neno, ila ukishatoka nje ya ukoo Kiswahili kinanyamaza. Wengi tunauona ukimya huo kuwa usawa, na mimi nilikuwa nikijivunia mbele ya wenzangu wa Kifaransa. Kumbe kwenye kitabu chenye picha, kile ambacho lugha imekinyamazia lazima mtu akiseme, na mtu huyo ni mchoraji. Hakuna namna ya kuchora a-.

Usiku ule nilifungua sanduku la michoro yangu ya zamani. Mafundi wote suruali. Madereva, mahakimu, mwenye duka, mtu anayepita njiani tu bila kazi yoyote kwenye hadithi: suruali. Wanawake wangu walikuwa wakipika, wakibeba, wakibembeleza. Nami ni mwanamke, na fundi wa kwanza niliyemjua maishani ni mama yangu, aliyeshonea mtaa mzima nguo za harusi pale Katuba, kitambaa kichwani na pini mdomoni. Mkono wangu ulikuwa umemsahau.

Wenzetu wa Marekani wana desturi ya kuhesabu mambo haya. Mwaka 1965 Nancy Larrick alichapisha matokeo ya kupitia vitabu vya watoto zaidi ya 5,000 vilivyotolewa kati ya 1962 na 1964. Ni asilimia 6.7 tu vilivyokuwa na mtu mweusi hata mmoja, awe kwenye maandishi au kwenye picha. Kuanzia 1985 kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin, huko Madison, kikaanza kuhesabu walioviandika na kuvichora: kati ya vitabu kama 2,500 vya mwaka huo, vilivyofanywa na watu weusi vilikuwa 18. Halafu mwaka 1990 Rudine Sims Bishop akaandika insha fupi ambayo wahariri wa vitabu vya watoto mpaka leo wanaitaja kama methali: kitabu kinaweza kuwa dirisha, kinaweza kuwa mlango wa kupitia, na mwanga ukikipiga vizuri kinakuwa kioo, mtoto akajiona humo.

Naziheshimu hesabu hizo, ila ukizileta Lubumbashi zinakukwama mkononi. Katika vitabu tunavyovitengeneza hapa karibu kila mtoto ni mweusi. Ukihesabu rangi ya ngozi umemaliza kazi kabla ya chai. Mimi nataka kujua ni mweusi wa wapi, amelala nyumba gani, anaitwaje, anasemaje. Na ukitaka kuhesabu jinsia kwa kusoma maandishi ya Kiswahili, hutapata chochote. Itabidi uhesabu picha.

(Wageni wakisikia nachora vitabu Kongo, hawachelewi kuniuliza kuhusu Tintin, yule kijana wa katuni za Kibelgiji aliyetembezwa Kongo. Nina jambo moja tu la kusema hapo. Katika toleo la kwanza la miaka ya 1930 yule kijana anasimama mbele ya darasa na kuwafundisha watoto wetu habari za nchi yao Ubelgiji; katika toleo la rangi la 1946 somo likageuzwa kuwa hesabu ya kujumlisha. Maneno yakasafishwa, midomo ya watoto ikabaki ilivyochorwa. Mahakama za Brussels zilipoombwa kukizuia kitabu zilikataa mwaka 2012. Mchoraji anajifunza kitu hapo kuhusu kipi kinachodumu.)

Tuje kwenye nyumba, maana hapo ndipo nilipogombana na watu. Kuna shirika moja, jina naliacha, lilinirudishia michoro na maoni ya mstari mmoja: iwe ya Kiafrika zaidi. Nilikuwa nimechora ua wa nyumba ya komini Kenya, mtaa wa mji wetu, si ile nchi. Ukuta wa matofali ya kuchoma usiopigwa lipu, bati lililowekewa mawe ili upepo usilichukue, waya wenye sare za shule, shati jeupe na sketi ya bluu. Mama ameinama juu ya mbabula, jiko letu la makaa, makala yameshika, sufuria ya bukari, ugali wetu, imefikia pale ambapo mwiko unahitaji mikono miwili, na bakuli la sombe, kisamvu, liko pembeni limefunikwa sahani. Nyuma kabisa, juu ya mabati, bomba kubwa la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi, na kilima cheusi cha mabaki ya shaba. Nilichora bomba hilo nikiwa na raha, kwa sababu hakuna mtoto wa mji huu asiyelijua.

Wao walitaka nyumba ya nyasi, mwanamke akitwanga, na mti wa mbuyu. Mbuyu! Sisi tuko kwenye miombo, kwenye uwanda wa juu, na mtoto wa Kampemba angeuliza ule mti umepatwa na ugonjwa gani. Nikawaambia wakitaka kitu cha ardhi hii nitawapa kichuguu, vile vichuguu vyetu vikubwa kuliko nyumba, ambavyo watoto huvipanda na watu wazima huvichimba wakafyatua matofali. Wakasema kichuguu hakieleweki. Tukakutana nusu njia: mbuyu ukang'oka, nyasi zikabaki. Nyumba ile ya nyasi ipo mpaka leo kwenye kitabu chenye jina langu nyuma, na nikikikuta mahali nakigeuza uso chini.

Tatizo halitoki kwa wageni peke yao. Tangu 2014 mradi wa African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini, umeweka hadithi kwenye intaneti kwa leseni ya wazi, na 2015 StoryWeaver ya India ikafanya vivyo hivyo: unachukua hadithi, unaitafsiri, unaichapa bila kumwomba mtu ruhusa. Ni neema kubwa kwa mwalimu asiye na bajeti. Lakini unachotafsiri ni maneno. Picha inakuja kama ilivyo, na sare ya shule ya Nairobi inaingia Ruashi hapa kwetu ikiwa na Kiswahili chini yake.

Na usifikiri watu wetu hawaoni. Mji huu umelelewa na picha. Miaka ya 1970 wachoraji wa mitaani waliuza kwa familia za kawaida picha zilizoitwa ukumbusho, za kutundika sebuleni: Mamba Muntu, yule nguva, na nywele zake ndefu, askari na mijeledi ya enzi ya Wabelgiji. Tshibumba Kanda Matulu, mkubwa wao, alichora historia nzima ya nchi kwa picha zaidi ya 100 mwaka 1973 na 1974. Picha ya namna hiyo ilitundikwa ili watu waizungumzie: nani huyu, ametoka wapi, kwa nini amesimama pale. Mama aliyekulia chini ya picha kama hiyo akifungua kitabu cha mwanawe, anakihoji vilevile.

Kuna shida moja ya kiufundi ambayo sijawahi kuikuta kwenye makala ya mtu yeyote. Vijitabu vyetu vingi havichapwi kwa rangi. Vinapigwa fotokopi. Mchoro wa mistari mieusi juu ya karatasi nyeupe unamfanya kila mtu awe mweupe kama karatasi, na mtoto akipewa kalamu za rangi apake, ndani ya boksi kuna ile ya waridi hafifu ambayo Kifaransa cha shule kimeipa jina la rangi ya mwili. Mwili wa nani, sijui. Niliwahi kumchora mtoto mwenye ualbino akicheza na wenzake, nikafurahi, hadi fotokopi ziliporudi: wote walikuwa sawa, mtoto wangu amepotea. Nikarudia. Safari hii nilimpa kofia yenye ukingo mpana, macho aliyoyafinya kwa sababu ya jua, na darasani nikamweka dawati la mbele kabisa, pua karibu na ubao, kwani macho yake yanahitaji ukaribu huo. Sasa anaonekana hata kwenye fotokopi mbovu. Ngozi yake sikuigusa.

Halafu majina. Nililetewa muswada wenye mwizi wa kuku. Watu wema wa hadithi walikuwa na majina ya Ki- na Mu-, na mwizi jina lake lilianza na Tshi-. Msomaji wa Mombasa hataona kitu. Sisi tunaona kabla hatujageuza ukurasa, kwa sababu pale ambapo Kiluba cha Katanga, upande wetu huu, kinasema ki-, Tshiluba cha Kasai, upande wa jirani, kinasema tshi-. Walunda nao wana Tsh- zao, naam, lakini sikio la mtaani halingojei maelezo. Na mji huu unakumbuka 1992 na 1993, majirani wenye asili ya Kasai walipofukuzwa majumbani mwao Likasi na Kolwezi, wakarundikana kwenye stesheni wakingoja treni. Watoto wa wakati ule sasa ni wazazi wanaosoma hadithi jioni. Mwandishi hakuwa na ubaya, naamini. Jina lilimjia lenyewe, kama suruali ilivyonijia mimi. Tukabishana wiki nzima: ukimpa mwizi jina la Ki-, nao watanuna. Mwishowe mwizi akawa Kalulu, yaani sungura.

Ndiyo sababu sungura wetu ana madhambi mengi hivyo. Madison walipohesabu vitabu vya 2018 walikuta asilimia 27 wahusika wakuu ni wanyama na vitu, huku watoto weusi, Waasia, Walatino na wenyeji wa Marekani kwa pamoja hawazidi 23, na watu wakakasirika kwa haki. Mimi nina neno la kumtetea sungura: hana kabila. Ila mtazame vizuri. Kila anapovishwa nguo, Kalulu naye anapewa suruali.

Kuhusu lugha nitasema kidogo, maana ni vita vyangu vya kudumu. Masimulizi nayaacha kwenye Kiswahili bora: watoto wanakwenda shuleni. Kwenye puto za maneno watoto wanasema wanavyosema: "Tunaenda ku masomo." Mama mmoja wa Ruashi alinirudishia kitabu mbele ya watu. "Hii haiko Kiswahili ya buku," akasema, na alikuwa na hoja, kwa kuwa mtihani hautamwuliza mwanawe Kiswahili cha uani. Nikamjibu kwamba mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya wafanyakazi wa zamani wa nyumba za Wazungu, aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili chetu hikihiki, na mpaka leo wataalamu wanaisoma. Haikumgusa. Puto nimeziacha, lakini nimezipunguza.

Vijana wa miaka kumi na miwili kwenda juu sina kitabu cha kuwasifia. Wanatoka kwa Kalulu wakaruka moja kwa moja hadi kwenye Biblia na simu. Kati hapo rafu ni tupu.

Daktari wa ukurasa wa sita nilimchora upya kwa chapa ya pili: mama mnene kidogo, kitenge chini ya koti jeupe, viatu vimepondeka kisigino kama vya mtu aliyesimama zamu nzima. Mfasiri akaweka elle. Tangu hapo kila muswada ukifika, nampigia mwandishi simu kabla ya kuchonga penseli, na wengine wameanza kuchoka nami.

Juzi mzee wa Kamalondo amenitumia hadithi mpya kwa WhatsApp. Sentensi ya kwanza: "Fundi wa baiskeli alikuwa na mkono mmoja." Chini yake ameongeza, kwa herufi kubwa: "MWANAMKE. USINIPIGIE."

Sikumpigia. Ila tangu jana nakaa kwa fundi wa baiskeli wa pembeni mwa nyumba, nimemwomba auweke mkono wa kushoto nyuma ya mgongo na atoe tairi kwenye rimu kwa ule wa kulia. Mara mbili limemponyoka. Mara ya tatu alilaza gurudumu chini, akalibana kwa goti, akachomeka bisibisi chini ya ukingo wa tairi na kuikanyaga kwa kisigino. Nimechora goti kwanza.