Mageuko ya mitego katika mimea inayokula wadudu

Mageuko ya mitego ni mabadiliko ya vizazi na vizazi yaliyoligeuza jani la kawaida kuwa chombo cha kunasia wadudu na kuwameng'enya. Mimea hii haili nyama ili ipate nguvu. Nguvu inajitengenezea yenyewe kwa mwanga wa jua. Inachokifuata kwa mdudu ni naitrojeni na fosforasi, kwa kuwa mingi huota kwenye vinamasi na michanga isiyo na rutuba.

Mtego haukuzuka mara moja tu. Chukua ule wa mtungi: jani limekuwa chombo chenye majimaji, ukingo unateleza, mdudu akikanyaga vibaya anatumbukia. Nepenthesi, inayopatikana Asia ya Kusini-Mashariki hadi Madagaska na Shelisheli, imo katika oda (kundi kubwa la mimea yenye asili moja) moja na mchicha. Sarasenia ya Amerika Kaskazini iko upande wa mchai. Sefalotasi, ambayo kwao ni kona ya kusini-magharibi mwa Australia tu, ni jamaa ya mbirimbi! Koo tatu za mbali, na kila moja imejifinyangia mtungi wake. Hayo ndiyo mageuko ya kukutana: shida moja, njia mbalimbali, jibu linalofanana.

Kufanana huko kumeingia hadi ndani ya vimeng'enya, yaani protini zinazovunjavunja chakula. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa mimea hiyo, kila mmoja kivyake, ilichukua protini za kujikinga na maradhi ikazipa kazi ya kumeng'enya. Mojawapo ni kaitinezi, ambayo huvunja kaitini, ile dutu ngumu ya kuta za seli za kuvu. Gamba la mdudu nalo ni la kaitini, kwa hiyo silaha ilikuwa tayari ghalani.

Mtego wa kufyatuka wa daionea, mmea wa majimbo ya Carolina huko Marekani, unaelekea ulitokana na majani yenye utomvu unaonata kama ulimbo, ambayo jamaa zake drosera wanayo mpaka leo. Mdudu akigusa unywele wa ndani mara moja, kimya. Akigusa tena ndani ya sekunde 20 hivi, jani linafumba kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Akiendelea kufurukuta, homoni ya jasmoneti inaamuru vimeng'enya vimwagwe. Ni homoni ileile ambayo mimea mingine huitoa ikitafunwa na viwavi.