GHz ni nini hasa, na mbona Celeron ya 1.1 yaishinda ya 1.6

Juzi Jumamosi mpwa wangu alinipigia simu akiwa dukani Moi Avenue, atafuta laptopu ya mtumba ya kuanzia nayo chuo. Shikamoo mjomba, marahaba, haya nipe habari. Akasema mezani ziko mbili, zote Celeron, yaani prosesa (ubongo wa kompyuta) za bei nafuu za Intel, zote RAM 4GB, moja N3060 na nyingine N4020, na muuzaji amshauri achukue N3060 kwa sababu "hii ni 1.6 na ile ni 1.1 tu, hesabu si waiona mwenyewe". Na kweli namba ndizo hizo, hapo hakudanganywa. Nikamwambia chukua N4020 na usisite, ukija nyumbani nitakueleza. Haya ndiyo niliyomueleza, nayaandika kwa sababu hili swali la GHz naulizwa karibu kila wiki na inaniuma kuona mtu atoa pesa yake ya jasho kwa kusoma namba moja tu kwenye stika.

GHz ni gigahezi. Hezi moja ni kitu kutokea mara moja kwa sekunde, jina latoka kwa Mjerumani Heinrich Hertz, na giga ni bilioni. Ndani ya prosesa mna kitu kama saa inayopiga, kila ikipiga kazi yasogea hatua. Kwa hivyo 1.6 GHz ni mapigo bilioni 1.6 kila sekunde, na 1.1 GHz ni mapigo bilioni 1.1. Basi, ni hayo tu. Yakwambia saa imepiga mara ngapi, haikwambii kila pigo limebeba kazi kiasi gani.

Sasa fikiria feri pale Likoni. Feri ya kwanza yavuka mara 16 lakini kila safari yabeba magari mawili. Ya pili yavuka mara 11 tu lakini kila safari yabeba matatu. Piga hesabu, ya kwanza imevusha magari 32, ya pili 33. Ile iliyokwenda safari chache ndiyo iliyovusha zaidi. Na hizi namba sikuzitoa hewani, kori za ndani ya N3060, yaani zile sehemu za prosesa zifanyazo kazi yenyewe, zaitwa Airmont na kila pigo zapokea maagizo mawili kwa upeo, za N4020 zaitwa Goldmont Plus nazo zapokea matatu. Huo ni upeo, kazini mara nyingi hazifiki hapo, lakini Goldmont Plus ina jambo jingine zuri, yaweza kutazama mbali zaidi kwenye foleni. Unajua vile lori likizima injini mbele pale kwenye kushuka, wote nyuma wanasimama? Goldmont Plus huchomoa magari mengi zaidi ya nyuma yaliyo tayari ikayapitisha kando wakati lori bado lashughulikiwa. Airmont nayo hujaribu hivyo lakini nafasi yake ni ndogo, yafika haraka pahali pa kusimama ikangoja.

Na usidhani N4020 yapata nguvu kwa kula umeme zaidi. Zote mbili ni za wati 6, zote zina kori mbili, zote zimetengenezwa kwa 14nm, yaani nanomita, kiwango cha utengenezaji wa chipu. Tofauti ni miaka, N3060 ilitoka mwanzo wa 2016 na N4020 mwisho wa 2019, na katikati hapo Intel walibadilisha ramani ya ndani ya kori. Ndio maana GHz utalinganisha tu prosesa za ramani moja, kizazi kimoja. Ukivuka kizazi namba hiyo haina maana tena, mfano Pentium 4 ilifika 3.8 GHz tangu 2004, yala wati 115, na leo haioni ndani mbele ya hii N4020 ya wati 6.

Halafu kuna kitu yule muuzaji hakukitaja kabisa. 1.6 na 1.1 ni spidi ya chini ya kazi, yaani ile ambayo Intel wanasema itashikilia ikifanya kazi nzito muda mrefu bila kupita umeme wake. Kila moja ina spidi ya juu pia, N3060 hupanda mpaka 2.48 na N4020 mpaka 2.8. Kwa hivyo hata ukitaka kushindana kwa GHz tupu, huko juu N4020 bado iko mbele, na huko juu ndiko laptopu inakokaa mara nyingi ukifungua ukurasa au ukiandika.

Lakini haikai huko milele na hapa kwetu hili ni la kuangalia sana. Spidi ya juu yategemea joto. Hizi za wati 6 nyingi hazina feni, joto latoka kupitia bodi yenyewe, na wewe uko Mombasa mwezi wa pili, kaskazi, chumba hakina AC na laptopu umeiweka juu ya godoro. Tulijaribu na mpwa wangu hiyo N4020 yake, tukabonyeza Ctrl, Shift na Esc ikafunguka Task Manager, tukaenda pale CPU. Ikiwa mezani, video yacheza na Word iko wazi, yaenda 2.6, 2.7. Tukaihamishia kitandani tukaiongezea kazi, dakika ishirini hivi namba ikaanza kushuka, 2.1, 1.8, na mkono ukigusa chini wasikia moto. Nikamwambia tafuta hata kipande cha mbao uwe waiweka juu yake.

Kache nayo, ile kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa, kwa ufupi. N3060 ina 2MB, N4020 ina 4MB. Mama wa viazi karai huweka unga, chumvi na pilipili hapo hapo kando ya karai, vingine viko ndani. Meza ikiwa kubwa haendi ndani mara kwa mara, na kila akienda ndani mafuta yachemka bure. RAM ndiyo huko ndani, na N4020 hata huko yaenda haraka zaidi kwa sababu yatumia RAM ya aina ya DDR4, N3060 ni DDR3L ya zamani.

Tena Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwenye orodha ya prosesa za Windows 11 N4020 imo, N3060 haimo. Kwangu mimi hili peke yake latosha kumaliza ubishi, labda N3060 uwe wapewa bure na mtoto ajifunzia kuandika tu.

Nisikupambe lakini, N4020 si mnyama. Zile laptopu za ofisi za Ulaya zenye i5-6300U, prosesa nyingine ya Intel ya 2015, zaishinda kwa mbali, hiyo i5 ina kori mbili zinazoshika kazi nne kwa pamoja na spidi ya 2.4 mpaka 3.0, ila ni wati 15, betri yake mara nyingi ishachoka, na kwenye orodha ya Windows 11 nayo haimo. Kama wajua kutumia Linux badala ya Windows, chukua hiyo bila kuuliza mtu.

Ukifika dukani acha stika, fungua Task Manager mwenyewe kabla ya kutoa pesa. Jina kamili la prosesa liko juu kulia, hilo ndilo la kuandika ukaulize. Base speed ni ile spidi ya chini, Speed ni ya sasa hivi. Fungua kurasa tano sita, iweke mezani robo saa huku mwaongea bei, halafu itazame tena Speed imebaki wapi.