Kabla ya mkopo, daftari

Mwishoni mwa Aprili 2024, maji ya mafuriko yalipoanza kushuka mtaani Mathare, mama mmoja mwenye duka la rejareja karibu na mto alinipigia simu alfajiri. Hakuniambia habari za unga wala sukari. Alisema, "Mwanangu, nitafutie mkopo nifungue duka kabla wateja hawajazoea kwingine."

Kazi yangu ni kuwashikia hesabu wafanyabiashara wadogo hapa Nairobi, na mwaka ule wa mafuriko simu za aina hiyo zilinijia nyingi. Nilimpa pole, kisha nikamuuliza, "Mama, daftari la madeni liko wapi?"

Alinyamaza kidogo. Daftari alikuwa amelitia ndani ya kasuku, mkebe wa mafuta ya kupikia, juu ya rafu, na rafu ilikuwa imeanguka.

Nilipofika, mstari wa tope kwenye mabati ya ukuta ulinifika begani. Mifuko ya unga ilikuwa imevimba na kupasuka. Jirani mmoja alikuwa akimshauri aukaushe juani, auze kwa bei ya chini. Nilimsihi asifanye hivyo. Maji ya mto ule hubeba taka za vyoo, na chakula chochote kilichoguswa nayo kinaweza kuleta kipindupindu. Tulipiga picha kila kitu kilichoharibika, tukaandika idadi, ndipo tukatupa. Zile picha zilikuja kutufaa baadaye kwa mwenye jumla, yaani anayemuuzia mali ya duka.

Mkebe wa kasuku tuliupata nyuma ya duka. Daftari lilikuwa limeloa tepetepe, kurasa zimeshikana. Usiyafungue kwa nguvu madaftari ya namna hii, na usiyaanike juani, kwa sababu karatasi hukunjamana na kugandana kwa tope. Tulilisimamisha kivulini kwenye upepo, tukawa tunapenyeza vipande vya gazeti kuukuu kati ya kurasa na kuvibadilisha kila vilipolowa. Ilituchukua siku mbili. Kila ukurasa uliokubali kufunguka niliupiga picha hapo hapo.

Kurasa zilipokauka nikaona jambo ambalo sitalisahau. Mama huyu alikuwa akiandika deni kwa biro ya buluu, na mtu akilipa anakata mstari kwa kalamu nyekundu ya jeli. Wino wa biro una mafuta, hautoki upesi majini. Wino wa jeli ulikuwa umeyeyuka wote, umebaki kama madoa ya waridi. Madeni yalisomeka vizuri, malipo hayakusomeka. Kwa daftari lile, watu walikuwa wakidaiwa shilingi 19,740. Angetoka kudai kwa hesabu hiyo angewadai watu waliokwisha kumlipa, tena katika juma ambalo baadhi yao walikuwa wamelala shuleni na kanisani kwa kukosa nyumba. Duka la mtaani huishi kwa kuaminiana, na aibu kama hiyo ingelimaliza haraka kuliko yale maji.

Tukaenda kwenye taarifa ya M-Pesa. Simu yake ilikuwa imezama, kwa hiyo kwanza tulirudisha laini. Kitambulisho alikuwa nacho, alikitia kifuani usiku ule alipokimbia. (Aliyepoteza kitambulisho hulazimika kutafuta kingine kwanza, na hapo siku huongezeka. Kama umebaki na kitu kimoja tu, omba kiwe kitambulisho.) Taarifa ya miezi sita unaweza kuiomba kupitia *334# au kwenye programu ya simu, nayo huja kwenye barua pepe ikiwa faili iliyofungwa kwa nambari ya siri.

Tuliketi na binti yake jioni nzima tukilinganisha. Jina kwenye daftari, jina kwenye simu, tarehe, kiasi. Waliolipa kwa pesa taslimu aliwakumbuka mwenyewe mmoja mmoja, na palipo na shaka tulimwamini mteja. Deni la kweli likatoka 14,360.

Taarifa hiyo hiyo ilitupa jambo la pili, na hapa nawaomba wenye maduka wanisikilize. Mauzo yake mengi yalikuwa ya taslimu, kwa hiyo hayakuandikwa popote. Lakini yeye alikuwa akimlipa mwenye jumla kwa simu, wastani wa shilingi 21,000 kwa wiki. Ukijua mtu ananunua mali ya kiasi gani na anaongeza faida gani, unajua anauza kiasi gani. Yeye alikuwa akiongeza kama shilingi 12 kwa kila 100, kwa hiyo mauzo yalikuwa 23,500 hivi kwa wiki, na faida 2,500 kabla ya kodi ya chumba. Mama alizitazama zile tarakimu kwa muda mrefu. Miaka yote aliyouza alikuwa hajawahi kuziona.

Sasa ndipo tukazungumza mkopo. Alikuwa anafikiria Hasla, ule wa serikali ulioanza Novemba 2022. Riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka. Ukikopa 10,000 kwa siku 14, riba haifiki hata shilingi 31. Watu husikia hivyo wakafurahi. Lakini tazama zile siku 14. Duka lililojaa tope, lisilo na rafu wala stoki, halitarudisha 10,000 kwa wiki mbili kutoka kwenye faida ya 2,500 kwa wiki, hata kama lingefunguliwa kesho yake. Lingelipa kwa kula mtaji, kisha ungetafutwa mkopo mwingine wa kuziba huo. Kinachomuumiza mtu hapo ni muda, hata riba ikiwa ndogo namna gani. Mkopo wa siku chache unamfaa mwenye mali inayozunguka. Anayejenga upya ukuta anahitaji pesa za miezi.

Nasema hivi kwa uchungu. Wiki chache kabla yake nilimsaidia fundi cherehani kupata mkopo haraka wa kununua mashine nyingine, nikaona nimefanya kazi nzuri. Sikumuuliza kuhusu vitambaa vya wateja vilivyosombwa na maji. Wateja walikuja kudai vitambaa vyao, fedha ya kuwalipa hakuwa nayo, wakaacha kumletea kazi. Cherehani mpya ikakaa kimya huku mkopo ukidai. Kosa lile lilikuwa langu, na ndilo limenifanya niulize daftari kwanza.

Tuliwagawa wadaiwa wa mama. Waliopoteza nyumba hatukuwagusa kabisa, tuliwapelekea salamu tu kwamba deni litangoja. Wanaokaa juu, karibu na barabara, na wenye mishahara, aliwatembelea mwenyewe, kwa heshima, na kiasi sahihi mkononi. Ndani ya siku kumi alipata 5,200. Wengine walilipa hata kabla hajamaliza kusalimia.

Kwa mwenye jumla nilimshauri aende mwenyewe kabla hajatafutwa. Alikuwa anadaiwa 8,000. Alimwonyesha zile picha na taarifa ya malipo ya miezi sita, akaomba alipe 500 kila Jumamosi na aongezwe mali kidogo. Mzee yule aliangalia malipo yalivyofuatana wiki baada ya wiki, akakubali.

Hakurudi mtoni mara moja. Alipanga meza juu, kando ya barabara, na hakuuza vitu vya zamani. Baada ya mafuriko watu hawanunui soda. Wananunua sabuni, mishumaa, kiberiti, mkate, maziwa na dawa ya klorini. Hivyo ndivyo alivyoweka, kidogo kidogo, na 5,200 ile ilikuwa inazunguka kila baada ya siku mbili.

Kuhusu kujenga pale pale palipokuwa na duka, mimi nilikataa. Mei ya mwaka ule serikali iliamuru watu wahame ndani ya mita 30 kutoka mtoni, na matingatinga yalifuata. Nililia na watu waliovunjiwa, maana wengi hawakuwa na pa kwenda. Hata hivyo siwezi kumshauri mtu aweke mtaji wake wa mwisho mahali panapoweza kubomolewa na maji au na tingatinga. Tulipima kwa hatua kutoka ukingoni, hazikufika 20. Mabati yaliyosalia tuliyang'oa yeye na wanawe, tukayapandisha juu.

Kwa bima nitasema neno moja. Bima nyingi za moto na wizi hazigusi mafuriko mpaka uyaombe yaongezwe na uyalipie. Soma ukurasa wa yasiyolipwa kabla hujatia sahihi.

Chama chake cha kuchangiana pesa kilimpa zamu yake mapema mwezi Julai, na hapo ndipo akatengeneza rafu. Ya chini kabisa iko kiunoni. Siku hizi anaandika malipo kwa biro ya buluu kama madeni, na kila Jumamosi jioni, akishamtumia mwenye jumla malipo yake, binti yake hupiga picha kurasa za wiki na kunitumia.