Fizikia na hisabati tumizi: ukifika mwaka wa tatu, ubobee wapi?

Wanafunzi wa fizikia na hisabati wakikaribia mwaka wa tatu, swali linalotufikia sana idarani ni hili: "Mwalimu, nichukue masomo gani ya hiari yenye ajira?" Si swali baya. Mzazi amelipa, Bodi ya Mikopo inadai, na kila mtu mtaani anamjua kijana mwenye shahada anayezunguka na bahasha. Ila kwa maoni yangu linaulizwa mapema mno. Kabla ya ajira kuna jambo jingine la kujua, nalo ni kazi yenyewe ya tawi hilo inavyofanywa tangu asubuhi hadi jioni. Majina ya matawi hudanganya.

Chukua fizikia tiba, inayotajwa na wengi na kueleweka na wachache. Kuna wanaodhani ni njia ya mkato ya kuingia udaktari kwa aliyekosa baiolojia. Siyo. Mwanafizikia tiba kwenye hospitali yenye tiba ya mionzi, kama Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam au Bugando kule Mwanza, haandiki dawa wala hapasui mtu. Daktari bingwa akishaamua dozi, yeye ndiye anayehakikisha kwamba dozi hiyohiyo ndiyo inayofika kwenye uvimbe, na kwamba viungo vya jirani vinaokolewa.

Mfano ni mashine za kobalti-60, ambazo kwa miongo mingi zimetibu wagonjwa wa saratani katika nchi zetu. Nusu uhai ya kobalti-60, yaani muda ambao mionzi yake hupungua hadi nusu, ni miaka 5.27 hivi, maana yake chanzo hicho cha mionzi hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu zake kila mwezi. Tuseme chanzo kikiwa kipya mgonjwa anatakiwa kulala chini ya mashine kwa dakika 2. Miaka mitano na ushei baadaye, mgonjwa mwingine mwenye dozi ileile atahitaji dakika 4. Usipofanya hesabu hiyo mwezi huu na mwezi ujao, uvimbe utapata dozi pungufu, na hakuna atakayeliona kosa kwa macho, kwa sababu mashine itawaka na kuzima kama kawaida. Mlinganyo ni uleule uliokaririwa kidato cha sita kwa ajili ya mtihani.

Mashine mpya zaidi, zinazozalisha mionzi kwa kuongeza kasi ya elektroni, hazichakai kwa namna hiyo, lakini nazo huyumba. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaitwa, kifaa cha kupimia mionzi huwekwa kwenye meza ya tiba na kusomwa. Kwa viwango vinavyotumika kwingi, usomaji ukitofautiana na unaotarajiwa kwa zaidi ya asilimia 3, mashine haitibu mtu mpaka sababu ipatikane. Vipindi vingine huja vipimo virefu zaidi kwa kutumia tangi la maji, maana mwili wa binadamu sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo tawi hili linamfaa mtu mwangalifu, mwandikaji kumbukumbu mzuri, mwenye kifua cha kumwambia daktari bingwa, huku foleni imejaa, kwamba leo mashine haianzi.

Jingine ambalo vipeperushi vya vyuo havilisemi waziwazi: shahada ya kwanza pekee haikufanyi mwanafizikia tiba. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki linashauri uwe na shahada ya uzamili katika fani hiyo, kisha mafunzo hospitalini yasiyopungua miaka miwili. Kituo cha fizikia cha ICTP kule Trieste, Italia, kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964, kinaendesha uzamili wa namna hiyo pamoja na chuo kikuu cha mji huo, kwa kuwalenga hasa vijana wa nchi zinazoendelea. Nafasi ni chache na ushindani ni mkali. Kama nyumbani wanategemea uanze kuleta chochote mwaka uleule unaohitimu, piga hesabu hiyo mapema, na uangalie pia upande wa kinga ya mionzi: ukaguzi wa mashine za eksirei, usomaji wa beji wanazovaa wafanyakazi wa mionzi, upimaji wa sampuli za vyakula. Kwa Tanzania kazi hizo zinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki.

Jiofizikia ina maisha mengine kabisa. Wengi wakilisikia jina hilo hufikiria dhahabu na gesi, lakini kazi iliyo karibu zaidi na wananchi ni kutafuta maji. Unapigilia vijiti vinne vya chuma ardhini kwa mstari mmoja, unapitisha umeme kwenye viwili vya nje, unapima volti kwenye viwili vya ndani. Kisha unavipanua vile vya nje, unapima tena, na kila unapopanua unakuwa "umeona" kina zaidi. Kupima kunahitaji mgongo tu. Ugumu uko kwenye tafsiri, kwa sababu udongo wa mfinyanzi hupitisha umeme vizuri, na maji ya chumvi vivyo hivyo. Ukanda wa pwani, tarakimu zinazokufurahisha kwenye daftari zinaweza kuwa kisima cha maji yasiyonyweka, na mwenye kiwanja ameshalipa mita zote zilizochimbwa. Anayelichukua tawi hili asome na jiolojia bila kuionea aibu, na ajiulize kama jua la Dodoma la saa nane mchana analiweza.

Kwa wanahisabati, nataka nikae kidogo kwenye modeli za magonjwa, yaani hesabu za namna ugonjwa unavyoenea, maana wengi huziruka wakidhani ni za madaktari. Ronald Ross, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1902 kwa kazi yake juu ya malaria, alitumia hesabu kuonyesha kwamba si lazima kumaliza mbu wote ili ugonjwa ukome. George Macdonald, mtaalamu mwingine wa malaria, baadaye akaongeza jambo zito zaidi. Kimelea cha malaria kinahitaji siku kama 10 au zaidi ndani ya mbu kabla mbu huyo hajaweza kuambukiza mtu. Sasa chukua kikokotoo. Uwezekano wa mbu kuishi siku moja ukiwa 0.9, mbu 35 hivi kati ya 100 watafika siku ya kumi. Ushushe uwe 0.8 na watafika 11 tu. Umepunguza kidogo kwa siku, ila hatari imeshuka kwa zaidi ya theluthi mbili. Hesabu ya namna hii ndiyo inayotetea vyandarua vyenye dawa na upuliziaji wa kuta za ndani, kwa sababu hivyo humfupishia uhai mbu mzima. Mwanahisabati anayelipenda hili atahitaji uwezekano, takwimu, milinganyo ya mabadiliko ya muda, na uvumilivu wa kukaa na watafiti wa mbu mpaka aelewe data zao zilikusanywaje. Taasisi ya Afya Ifakara ni mahali pazuri pa kuombea mafunzo kwa vitendo.

Yaliyobaki niyapitie kwa haraka. Hali ya hewa ni fizikia ya mwendo wa hewa na maji, na kompyuta nyingi, na utabiri wa vuli na masika hausubiri mtu aamke. Takwimu bima, yaani kukokotoa hatari kwa ajili ya kampuni za bima, ina mshahara unaovutia, lakini mitihani ya bodi za kitaaluma huendelea miaka kadhaa baada ya mahafali, na wengi huishia njiani. Sola inahitaji mtu anayependa maabara ya vifaa, si anayependa tu kusema "nishati jadidifu".

Tawi lolote utakalochagua, usikwepe kuandika programu za kompyuta wala takwimu. Nimewaona wahitimu wakihama kutoka jiofizikia kwenda benki bila kupata shida, kwa sababu hayo mawili walikuwa nayo. Matangazo ya ajira hubadilika. Anayechagua kwa kufuata matangazo ya mwaka huu atahitimu kwenye soko jingine.

Mradi wa mwaka wa mwisho ni uamuzi mkubwa kuliko jina la tawi. Kabla hujaandika mada, ingia maabara ukaangalie kama kifaa unachokitegemea kinawaka au kimefunikwa kitambaa tangu zamani. Kama unategemea data, ulizia aliye nazo na kibali hutoka baada ya muda gani, kwa maana kibali cha data za wagonjwa kinaweza kumaliza muhula mzima. Na kama wewe ni wa hisabati na macho yako yako kwenye fizikia tiba, soma vigezo vya uzamili sasa hivi: vyuo vingi vitataka fizikia ya nyuklia na sumakuumeme kwenye matokeo yako. Masomo hayo huchukuliwa kama hiari, kwa ruhusa ya mratibu wa programu, kabla dirisha la usajili wa muhula halijafungwa.