Ngiri, wavu na kinga iliyoshuka: maswali kutoka Moshi

Shikamoo daktari. Nina ngiri ya kinena na natumia ARV. Nimeambiwa nitawekewa wavu. Si hatari kwangu?

Marahaba. VVU peke yake haikuzuii. Tunaangalia hali yako ya sasa: wingi wa virusi, CD4 (hesabu ya chembe za kinga kwenye damu), uzito, vidonda vya ngozi. Ambaye virusi vyake vimefubaa na hakosi dozi, kwa kawaida hupona vizuri. Aliyeanza dawa juzi, CD4 chini ya 200 na ngiri haimsumbui, mara nyingi ni busara asubiri kinga ipande. Ila kadi ya CTC, yaani kliniki unakochukulia ARV, njoo nayo. Wapo wanaoiacha nyumbani kwa aibu, halafu tunapanga upasuaji gizani.

Huo wavu ni kitu gani?

Ni kitambaa chepesi cha plastiki iitwayo polipropilini. Tunakishona juu ya sehemu ya ukuta wa tumbo iliyolegea, na nyama huota kupitia matundu yake. Bila wavu, ngiri hurudi mara nyingi zaidi, na kuirudia ni kazi ngumu. Matundu yakiwa madogo mno, bakteria hupenya na kujificha ndani, lakini chembe za kinga, ambazo ni kubwa kuliko bakteria, hubaki nje. Ndiyo maana wenye kinga dhaifu tunawachagulia wavu wenye matundu makubwa na nyuzi zisizosokotwa.

Natumia prednisoloni kila siku. Niiache kwanza?

Usithubutu kuiacha ghafla! Hiyo ni steroidi, dawa inayoshusha kinga. Ukiwa umeitumia muda mrefu, tezi zako zimeacha kutengeneza homoni ya kutosha, na presha inaweza kuporomoka ukiwa kwenye meza ya upasuaji. Dozi ataipanga daktari.

Dawa hiyohiyo huchelewesha kidonda kupona, tena huficha homa. Usaha unaweza kujikusanya na wewe hujasikia hata joto. Kwa hiyo tazama mshono wenyewe: wekundu unaotambaa, majimaji, uvimbe unaokua, maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Ukiona kimojawapo, rudi hospitali. Wavu unaweza kushambuliwa na bakteria hata miezi kadhaa baada ya ngozi kufunga.

Na kisukari?

Sukari ishuke kwanza. Sigara nayo, acha angalau wiki 4 kabla.

Nabeba mikungu ya ndizi sokoni Mbuyuni. Nitarudi kazini lini?

Kutembea, siku hiyohiyo au kesho yake. Mzigo mzito, wiki 4 hadi 6, na zaidi kama unatumia steroidi. Una kikohozi kisichoisha? Pima makohozi kabla ya upasuaji. TB huwapata kwa urahisi wenye kinga iliyoshuka, na kila ukikohoa unauvuta mshono.

Wakati gani nisisubiri tarehe niliyopangiwa?

Uvimbe ukikaza, ukauma, ukagoma kurudi ndani, na hasa ukitapika au ukashindwa hata kujamba. Usiusukume kwa nguvu, usifunge mkanda. Nenda hospitali ya Mawenzi au KCMC saa hiyohiyo. Aliye Arusha aende hospitali ya Mount Meru. Utumbo ukikutwa umeshakufa, huenda daktari akaacha wavu kabisa na kushona kwa nyuzi tu, kwa sababu pale uchafu tayari umemwagika.