Usimfiche Daktari: Ufafanuzi kuhusu Upasuaji wa Urembo

Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili Mloganzila ilipoanza, mwaka 2023, kutoa huduma za upasuaji rekebishi kwa wanaotaka kupunguza matiti au kuondoa mafuta tumboni, mazungumzo yaliyokuwa ya kunong'onezana yamehamia vijiweni na kwenye simu za kila mtu. Hilo lenyewe halina ubaya. Kinachotusukuma kuandika ufafanuzi huu ni wagonjwa tunaowapokea wodini wakiwa wameshafanyiwa jambo kwingine, na ambao hata homa ikipanda na jeraha likatoa usaha bado wanaona haya kusema wamefanyiwa nini.

Alfajiri moja niliitwa kumwona mama mmoja. Baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili asitambulike. Alikuwa amemwambia muuguzi kwamba alianguka kwenye bodaboda. Aliyeanguka kwenye bodaboda huchubuka viwiko na magoti, lakini viwiko vya mama huyu vilikuwa salama, ila kiunoni, kulia na kushoto, kulikuwa na vitundu vidogo vilivyolingana, kila kimoja kimeshonwa kwa uzi mmoja. Tulikuwa tumeshampiga picha za nyonga na saa tatu zilikuwa zimekwisha. Nilimwomba dada yake, aliyekuwa ameketi pembeni, atutafutie maji ya kunywa. Mlango ulipofungwa, mgonjwa akavuta mfuko wa nailoni kutoka chini ya mto. Ndani mlikuwa na nguo ya kubana aliyovalishwa baada ya kufyonzwa mafuta, ambayo aliivua njiani ili dada asiione. Alipona. Hata hivyo, saa zile tatu zilipotea kwa sababu aliogopa neno la dada kuliko alivyoogopa homa.

Neno lenyewe tunalijua sote. Atasemwa kuwa ni mwenye majivuno, kwamba hakuridhika na alivyoumbwa, kwamba ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wanaosema hivyo mara nyingi ni watu wema wanaomtakia ndugu yao salama, na sina ugomvi nao. Naomba tu wakumbuke kwamba jamii yetu haijawahi kuuacha mwili kama ulivyokuja. Tunatoga masikio ya watoto wachanga, tunapaka hina na piko, tunawafunga vijana vyuma vya kunyoosha meno, na hakuna anayeitisha kikao cha ukoo. Kigodoro kikivaliwa chini ya gauni ni mzaha wa harusini. Mwanamke huyohuyo akiingia chumba cha upasuaji anakuwa amepotoka. Mpaka huo umechorwa na mazoea, na sioni kipimo kingine kilichotumika kuuchora.

Wapo wanaotofautisha upasuaji wa "maana", yaani wa walioungua au waliozaliwa na midomo iliyopasuka, na upasuaji wa "anasa". Tofauti hiyo ina maana katika bima na katika foleni ya chumba cha upasuaji, ambako aliyeungua hutangulia, na ni haki atangulie. Katika taaluma yenyewe haijawahi kuwa ukuta. Shirika la madaktari wanaoruka kwa ndege, ambalo leo tunalijua kwa jina la Amref, lilianzishwa mwaka 1957 na wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, kutokana na mazungumzo yao kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Wote watatu walikuwa wa fani hii. McIndoe alijulikana kwa kuwatengenezea nyuso marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na Rees aliwahudumia New York watu waliotaka tu kupendeza. Ujuzi wa kuhamisha ngozi na kuficha kovu ni uleule.

Kwa upande wa dini sitatoa fatwa, kwa kuwa si kazi yangu. Waislamu wanaoniuliza huwakumbusha simulizi wanayoijua kuliko mimi, ya sahaba Arfaja, aliyekatwa pua vitani, akavaa pua ya fedha ikatoa harufu, naye Mtume akamwamuru avae ya dhahabu. Mwaka 2007 Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, lililokutana Putrajaya nchini Malaysia, lilipitisha azimio linaloruhusu upasuaji wa kuondoa kasoro na madhara, na kuukataza ule wa kubadili maumbile ya kawaida kwa kufuata matamanio tu. Mwenye shaka aende kwa sheikh wake au mchungaji wake akiwa na maelezo kamili, kwa kuwa kiongozi wa dini naye akipewa nusu ya habari atatoa nusu ya jibu.

Na habari kamili mara nyingi ni tofauti na inavyosemwa barazani. Anayeomba kupunguzwa matiti ukimwomba ashushe nguo mabegani utaona mifereji miwili iliyochimbwa na mikanda ya sidiria, ngozi imekuwa nyeusi na ngumu, na chini ya matiti upele usiokauka msimu wote wa joto. Wengi huandikisha "mgongo" pale mapokezi, na si uongo, maana mgongo kweli unauma. Halafu, katikati ya mazungumzo, husema kwa sauti ya chini kwamba wangependa pia gauni liwakae vizuri, na huomba radhi kwa kusema hivyo. Hakuna haja ya kuomba radhi. Fomu yetu haina kisanduku cha kupima kama nia ya mtu ni safi kiasi gani. Inauliza kuhusu kisukari, shinikizo la damu, sigara, mimba na mipango ya kunyonyesha, kwa sababu hayo ndiyo yanayoamua kama jeraha litapona na kama maziwa yatatoka baadaye.

Sasa niseme wazi mambo ambayo, kwa kweli, inachosha kuyarudia. Kufyonza mafuta si njia ya kupunguza uzito. Mafuta yanayoondolewa ni ya sehemu fulani, na mtu mwenye kilo 120 atatoka akiwa bado na tatizo la uzito, pamoja na majeraha. Puto linalowekwa tumboni ili mtu ashibe haraka ni huduma nyingine kabisa, na anayeliita upasuaji wa shepu hajasoma hata karatasi tuliyompa. Picha ya msanii kwenye simu haitusaidii, kwa kuwa mifupa ya nyonga haibadilishwi kwa picha. Kila mkato huacha kovu, na miongoni mwetu wenye ngozi nyeusi wapo wengi ambao kovu huvimba na kuwa keloidi. Ukiwa nayo sikioni kwa sababu ya hereni, useme kabla hujalazwa. Na hakuna dawa ya kupaka, ya Kichina wala ya kwingineko, inayohamisha mafuta kutoka tumboni kwenda makalioni.

Kuhusu makalio, tahadhari yetu ni nzito zaidi. Mwaka 2018 vyama vya kimataifa vya wapasuaji wa fani hii vilionya kwamba upasuaji wa kuhamishia mafuta makalioni ulikuwa ukikadiriwa kuua mtu mmoja katika kila 3,000, kiwango kikubwa mno kwa upasuaji wa hiari. Sababu inajulikana: sindano ikiingia ndani ya msuli, mafuta hupenya kwenye mishipa mikubwa ya damu na kufika kwenye moyo na mapafu ndani ya dakika chache. Kwa hiyo mpasuaji anapaswa kubaki juu ya msuli, chini ya ngozi tu. Kama hilo linawatoa jasho mabingwa wenye mashine za kuangalia sindano ilipo, msomaji ajiulize anachomwa nini, na nani, katika chumba cha nyuma cha saluni. Tumeshatoa mwilini mwa watu vitu vigumu kama nta, ambavyo waliambiwa ni "vitamini".

Utaratibu wa huduma halali ni huu. Mgonjwa huonana na bingwa angalau mara mbili, kwa siku tofauti, kabla ya kupangiwa tarehe, na hupimwa na mtaalamu wa dawa za usingizi. Wengine hupelekwa kwa mwanasaikolojia, na wapo wanaochukia kana kwamba wameitwa wendawazimu. Tunafanya hivyo kwa sababu kuna hali ambayo mtu huona kasoro isiyoonekana na mwingine yeyote, na kisu hakiimalizi. Kitakachofuata ni kuomba kisu cha pili. Fomu ya ridhaa husainiwa na mtu mzima mwenyewe baada ya kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, faida, hatari na njia mbadala. Saini ya mume haichukui nafasi ya saini ya mke, wala kinyume chake. Mume anayekuja na picha aliyoichagua yeye huombwa asubiri nje.

Kabla ya kulipa, omba jina kamili la daktari na uhakikishe kwamba amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, au na baraza la Zanzibar kwa walioko Visiwani, na kwamba ubingwa wake ni wa upasuaji huu. Udaktari peke yake hautoshi. Dai stakabadhi yenye jina la kituo, na ukitoka chukua nakala ya muhtasari wa matibabu. Mtu asiye na karatasi hata moja hatuwezi kumsaidia ipasavyo, ingawa tutamtibu.

Malalamiko dhidi ya daktari huandikwa kwa Msajili wa Baraza. Barua itaje jina la daktari, kituo, tarehe, kilichofanyika na madhara yaliyotokea, na iambatanishwe na nakala za nyaraka. Nyaraka halisi ubaki nazo mwenyewe. Daktari hupewa nafasi ya kujieleza. Akipatikana na hatia anaweza kupewa onyo, kusimamishwa kwa muda, au kufutwa katika rejista. Baraza ni chombo cha nidhamu, na anayetaka fidia afungue madai mahakamani, akizingatia kwamba madai ya madhara yanayotokana na uzembe yana ukomo wa miaka 3. Asiye daktari kabisa, aliyekuchoma sindano akijifanya mtaalamu, ni suala la polisi. Barua zisizo na jina, ambazo tunazipokea nyingi, hazifiki mbali, kwa sababu hakuna mlalamikaji wa kuhojiwa. Ninaelewa kwa nini jina linaachwa. Lakini ndivyo mtu yuleyule anavyobaki na chumba chake na sindano zake, akimsubiri mteja mwingine mwenye aibu.

Kuna pia picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Kituo kinachorusha mtandaoni picha zako za "kabla na baada" bila idhini yako ya maandishi unaweza kukishtaki kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nao wanaomwandama mtu mtandaoni kwa sababu ya mwili wake wajue kwamba kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinahusu ujumbe unaotumwa kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza mtu kihisia, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Wanaodhani ni utani tu wakisome wenyewe.

Makala haya hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari aliyekuona ana kwa ana. Ukija kliniki, huna haja ya kutaja kilichokuleta mbele ya foleni. Sema "mgongo", au sema unaomba kuonana na daktari wa upasuaji kwa faragha, karani atakuelewa. Mlango ukishafungwa, taja kila kitu: dawa za kupanga uzazi, mitishamba, mkorogo, sigara hata kama ni moja kwa siku, na kila sindano uliyowahi kuchomwa, mahali ulipochomewa na chupa yake ilivyokuwa. Kama chupa bado unayo, njoo nayo.